Mama na Nkambo: Maisha ya Mtakatifu Jeanne-Françoise de Chantal (1572–1641)



Katika kitabu cha Yubile watu hupenda kusoma habari za waanzilishi: Wapadri wa kwanza, wakatekista wa kwanza, kanisa la majani lililotangulia kanisa la matofali. Habari hizo mtazipata katika kurasa nyingine. Hapa tumeombwa kuandika juu ya mama. Maana kila mmoja wetu ajua nani alimshika mkono kwanza na kumwonyesha ishara ya msalaba, hata kabla hajajua kusema vema: alikuwa mama yake, ao nkambo yake aliyebaki nyumbani wakati wazazi walipokuwa kazini ao shambani. Tumechagua mtu wa nchi ya mbali na wa zamani sana, kwa sababu maisha yake yajulikana vizuri, na kwa sababu alipitia karibu mambo yote ambayo wamama wetu wanayapitia: ndoa, madeni, kilio, taabu za ukwe, kumzika mtoto, kumngojea kijana asiyesikia. Tena alifanya jambo moja ambalo watu wengi hata leo wanamlaumu. Tutalisema hapa bila kulificha.

Jeanne Frémyot alizaliwa Dijon, mji mkubwa wa jimbo la Bourgogne katika Ufaransa, mwezi wa kwanza wa mwaka 1572. Baba yake, Bénigne Frémyot, alikuwa mmoja wa waamuzi wakubwa wa baraza kuu la hukumu la jimbo lile. Mama yake alikufa Jeanne akiwa bado mtoto mchanga, asiyeweza kumkumbuka. Basi alilelewa na baba, pamoja na dada yake Marguerite na ndugu yake André, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Bourges. Ni vizuri kukumbuka kwamba mwanamke huyu, aliyekuja kuitwa Mama na maelfu ya watawa, hakupata kumjua mama yake mwenyewe.

Mwaka wa 1592, akiwa na miaka 20, aliolewa na Christophe de Rabutin, baroni wa Chantal, askari wa mfalme. Walikaa katika ngome ya Bourbilly. Ndoa yao ilikuwa ya mapendo ya kweli, lakini mali ya nyumba ilikuwa imechafuka: madeni mengi, watumishi wasiokuwa na mkubwa, hesabu zisizoandikwa. Christophe alimwomba bibi yake ashike mambo yote. Jeanne hakuzoea kazi hiyo, akajifunza. Aliamka mapema kupita watumishi, akaamuru misa iwe kila siku katika kanisa dogo la ngome, akapanda farasi kutembelea mashamba, akaketi na wakulima kusikiliza shida zao, akaandika kila kitu kilichoingia na kilichotoka. Kidogo kidogo nyumba ikasimama.

Wakati wa njaa maskini walikuja mlangoni kwa wingi, naye aliwagawia mkate na mchuzi kwa mikono yake mwenyewe. Wengine walipokwisha kupokea walizunguka nyuma ya nyumba na kurudi tena katika mstari. Watumishi wakakasirika. Jeanne aliwaona vema, akawaacha. Alisema moyoni mwake kwamba yeye naye hurudi kila siku mlangoni pa Mungu kuomba yale yale, wala hafukuzwi. Wale wanaogawa posho katika parokia yetu watatambua hali hiyo.

Watoto sita walizaliwa. Wawili wa kwanza walikufa papo hapo. Wanne wakaishi: Celse-Bénigne, kijana wa pekee, aliyezaliwa mwaka wa 1596, kisha wasichana watatu, Marie-Aimée, Françoise na Charlotte. Charlotte alizaliwa mwaka wa 1601. Alikuwa na siku chache tu duniani wakati msiba ulipoingia. Christophe alikwenda kuwinda msituni pamoja na ndugu mmoja wa jamaa, rafiki yake. Rafiki yule aliona kitu kinatikisika kati ya majani, akadhani ni mnyama, akapiga bunduki. Risasi ilimpata Christophe katika paja. Aliishi siku tisa akiteswa sana. Katika siku zile alimfariji rafiki yake, akasema ni ajali wala si ubaya, akakataza watu wa nyumba wasimlipize kisasi kamwe, akataka msamaha wake uandikwe katika kitabu cha parokia. Halafu akafa. Jeanne alikuwa na miaka 29.

Mume alisamehe kwa siku tisa; bibi yake alihitaji miaka. Hatusemi hivi kwa kumhukumu. Alilia mpaka akakonda, akaweka nadhiri ya kutoolewa tena, akagawa nguo zake nzuri. Lakini kumwona uso mtu yule aliyemfanya mjane hakuweza. Miaka ikapita. Alipomwomba shauri kiongozi wake wa roho, ambaye tutamtaja sasa hivi, huyu hakumlazimisha kumtafuta yule mtu. Alimwambia tu kwamba wakikutana, moyo wake uwe mpole. Wakakutana. Jeanne alimpokea kwa adabu, ingawa mwili wake wote ulitetemeka. Na mwisho akafanya zaidi ya kile alichoombwa: alikubali kuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa mtu yule. Katika nchi yetu, ambako nyumba nyingi zimefiwa na watu waliouawa na jirani zao, tunajua bei ya jambo kama hilo.

Baada ya kilio likaja jambo la ukwe. Baba mkwe wake, Guy de Rabutin, mzee mkali wa zaidi ya miaka 70, aliishi katika ngome ya Monthelon. Alituma habari: Jeanne aje kukaa kwake pamoja na watoto, ama atawanyima wajukuu urithi wao. Wajane wanaosoma ukurasa huu hawahitaji maelezo. Jeanne akaenda, kwa ajili ya watoto. Akakuta nyumba ikitawaliwa na mtumishi mmoja mwanamke, ambaye alikuwa amezoea kushika funguo zote, mwenye watoto wake mwenyewe humo ndani. Mjane wa baroni hakuwa na ruhusa ya kutoa hata kikombe cha maji bila kumwomba. Alidumu humo karibu miaka saba. Watoto wa mtumishi yule aliwaosha, akawavika na kuwafundisha kusoma pamoja na watoto wake. Tena aliweka chumba chenye dawa, akawatunza wagonjwa wa vijiji vya jirani, hata wale wenye vidonda ambavyo watu wengine hawakutaka kuvitazama.

Wakati wa Kwaresima ya mwaka 1604 baba yake alimwita Dijon kusikiliza mahubiri ya Askofu mmoja wa Savoie. Askofu huyo aliitwa François de Sales. Jina hilo si geni kwetu: ndilo lililochukuliwa na shirika la Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, mwaka wa 1911. Kutoka siku hiyo ya Dijon ulianza urafiki wa roho ambao Kanisa limeona mara chache. François hakumtoa mjane huyu kwa haraka katika kazi zake za nyumbani. Alimfundisha kusali bila kuwasumbua watu wa nyumba. Watumishi wenyewe waliona tofauti: zamani bibi alisali saa fulani fulani na wote wakachoka, sasa alisali saa zote na hakuna aliyesumbuliwa.

Mwaka wa 1607 François alimfunulia wazo lake: kuanzisha shirika jipya la wanawake, ambamo wangepokelewa hata wajane, wanawake wa umri mkubwa na wenye afya dhaifu, watu ambao monasteri nyingi za wakati ule ziliwakataa kwa sababu ya ukali wa mifungo yao. Wangesali pamoja na kutoka kuwatembelea wagonjwa na maskini. Ndiyo sababu ya jina lao: Masista wa Maamkio, ao Visitation kwa kifaransa, kwa kumkumbuka Bikira Maria alivyokwenda milimani kumtembelea Elizabeti.

Hapa tumefika kwenye jambo lile gumu. Jeanne alikuwa na watoto. Marie-Aimée alikuwa ameolewa mwaka wa 1609 na Bernard de Sales, mdogo wake Askofu. Alikuwa bado msichana mdogo mno, kadiri ya desturi ya watu wakubwa wa nyakati zile, desturi ambayo hatuwezi kuisifu. Charlotte, kitinda mimba, alikufa mwanzoni mwa mwaka 1610, mwenye miaka minane. Françoise angekwenda pamoja na mama yake Annecy na kulelewa ndani ya monasteri. Celse-Bénigne, mwenye miaka kama 14, angebaki Dijon kwa babu yake, pamoja na mwalimu, asome na kujiandaa kuingia katika kazi ya mfalme. Hivyo ndivyo vijana wengi wa ukoo mkubwa walivyolelewa, mbali na mama. Mali ya watoto ilikuwa imehesabiwa na kuwekwa katika mikono ya amani. Mama hakuondoka na chochote chao.

Siku ya kuagana ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu, 1610. Jamaa wote walikusanyika katika nyumba ya mzee Frémyot. Kijana alimshika mama yake shingoni, akamsihi abaki. Alipoona maneno hayafai kitu, akaenda kulala chini penye kizingiti cha mlango, kusudi mama akitaka kutoka apite juu ya mwili wa mtoto wake. Jeanne alisimama. Machozi yakamtoka. Padri mmoja aliyekuwapo akamwuliza kama machozi ya kijana yanaweza kumtikisa. Akajibu kwamba hapana. Lakini yeye ni mama. Halafu akavuka.

Watu wengi wameandika juu ya kizingiti kile. Wengine walimsifu kama Abrahamu mlimani. Wengine walisema ni mama asiye na moyo. Sisi twaona kwamba wote wawili walitazama mlango tu na kusahau miaka 31 iliyofuata. Mwaka wa 1611, baba yake alipokufa, Jeanne alitoka monasteri akarudi Bourgogne kupanga hesabu za watoto wake. Barua zake kwa Celse-Bénigne na Françoise hazikukoma. Yeye ndiye aliyetafuta ndoa ya Françoise na Antoine de Toulongeon, mwaka wa 1620, akamwandikia binti yake kama mama yeyote wa kwetu: kwamba bwana ni mtu mzima, ni kweli, lakini ana akili na tabia njema, asitafute mwingine kwa ajili ya sura. Tunakubali hata hivyo kwamba kilio cha kijana kilikuwa cha haki. Mama mwenyewe hakusema kamwe kwamba hakikuwa cha haki.

Tarehe 6, mwezi wa sita, 1610, sikukuu ya Utatu Mtakatifu, Jeanne aliingia na wenzake wawili, Marie-Jacqueline Favre na Charlotte de Bréchard, katika nyumba ndogo ya Annecy. Na mtumishi mmoja mwaminifu, Anne-Jacqueline Coste, aliwangojea kwa kazi za mlangoni. Huo ndio mwanzo. Umaskini wao wa miezi ya kwanza ulikuwa wa kweli. Walitembea katika mji wakiwapelekea wagonjwa mkate, nguo safi na dawa. Lakini shirika lilipofika Lyon mwaka wa 1615, Askofu Mkuu wa mji ule, Denis de Marquemont, hakupenda watawa watembee njiani. Alitaka wafungiwe ndani kadiri ya desturi. François de Sales akakubali kwa unyenyekevu, na mwaka wa 1618 Maamkio ikawa monasteri za ndani, zenye kufuata kanuni ya Mtakatifu Augustino. Kwa kupenda kwetu, tungetamani lile wazo la kwanza lishinde. Vincent de Paul na Louise de Marillac walilitimiza kwa njia nyingine mwaka wa 1633, walipoanzisha Mabinti wa Mapendo.

Kwa Jeanne, kufungiwa ndani hakukumaanisha kukaa mahali pamoja. Mama mwanzilishi alipaswa kwenda kufungua kila nyumba mpya, na nyumba zilizaliwa haraka: Lyon, Grenoble, Bourges, Paris na nyingine nyingi. Kutoka Annecy mpaka Paris ni zaidi ya kilometa 500. Wanaojua njia ya Lubumbashi hadi Kamina wawaze kuifanya kwa farasi, ao katika kitanda kinachochukuliwa na wanyama, kwenye theluji ya milima, kati ya vita na magonjwa. Alifanya safari hizo katika miaka yake ya 40, ya 50 na ya 60. Paris alikaa kuanzia mwaka wa 1619 mpaka 1622, akakuta huko matukano, njaa na watu wenye nguvu waliompinga. Huko pia alimpata Padri Vincent de Paul, aliyekuja kuwa mkubwa wa roho wa masista wa Paris.

Na kila mara kilio kilimfuata. Mwaka wa 1617 Bernard, bwana wa Marie-Aimée, alikufa kwa homa katika Piemonte alikokwenda vitani. Marie-Aimée, mwenye miaka 19 na mimba, alikuwa karibu na mama yake Annecy. Huzuni ilimfanya azae kabla ya wakati. Jeanne mwenyewe alimbatiza mjukuu wake, aliyekufa mara moja. Usiku ule ule Marie-Aimée aliomba avikwe nguo za watawa, akaweka nadhiri, akafa mikononi mwa mama. Yule mama na nkambo alipoteza wawili kwa wakati mmoja, na kesho yake nyumba nzima ya masista ilimtazamia awaongoze.

Tarehe 28, mwezi wa kumi na mbili, 1622, François de Sales alifariki Lyon. Jeanne alikusanya maandiko yake yote ili yasipotee, akashuhudia katika kesi ya utakatifu wake. Katika vitu vya marehemu alikuta barua nyingi alizomwandikia yeye mwenyewe. Akazitupa motoni karibu zote. Kwa hiyo twasoma leo majibu ya Askofu, na maswali ya mwanamke hatunayo. Ni hasara kubwa, ingawa twaelewa sababu. Sista Françoise-Madeleine de Chaugy, aliyekuwa mwandishi wake, ndiye aliyetuhifadhia mengi ya yale tunayoyajua.

Celse-Bénigne, je? Alikuwa kijana wa uzuri, wa maneno ya kuchekesha, mpendwa wa wote, na mgomvi wa upanga. Wakati ule vijana wakubwa wa Ufaransa waliuana katika vita vya watu wawili kwa ajili ya neno moja la dharau, na mfalme aliwakatia vichwa waliokamatwa. Celse-Bénigne aliingia katika vita hivyo mara kwa mara. Mama yake, katika monasteri, hakuogopa kifo chake kama alivyoogopa kifo kibaya: kwamba atauawa akiwa na chuki moyoni, bila Padri. Kijana alioa Marie de Coulanges mwaka wa 1623, na tarehe 5, mwezi wa pili, 1626, walizaa mtoto msichana, wakampa jina Marie. Mwaka uliofuata Waingereza walishuka katika kisiwa cha Ré. Celse-Bénigne alikwenda kupigana nao, akauawa huko tarehe 22, mwezi wa saba, 1627. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameungama na kupokea Komunyo. Jeanne alipopewa habari alipiga magoti, akamshukuru Mungu kwa kifo kile cha askari mkristu, kisha akalia sana.

Mjukuu Marie alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mwaka wa 1633 mama yake naye akafa. Alilelewa Paris na jamaa ya mama yake, nkambo akimfuata kwa mbali kwa sala na barua. Mtoto huyo yatima ndiye Madame de Sévigné, ambaye kila mwanafunzi aliyesoma kifaransa katika shule zetu amekutana na jina lake. Barua zake kwa binti yake, aliyeolewa mbali katika Provence, ni kati ya maandiko mazuri kupita yote ya lugha ile. Hazina mafundisho ya roho kama ya nkambo yake. Ni kilio cha mama aliyetengwa na mtoto wake, kilichoandikwa kwa kicheko na machozi kwa miaka zaidi ya 20. Binti wa binti huyo, Marie-Blanche, kilembwe wa Jeanne, aliingia katika monasteri ya Maamkio ya Aix, akaishi humo maisha yake yote.

Miaka ya 1629 na 1630 tauni iliingia Annecy. Wakubwa walimshauri Mama Jeanne atoke mjini. Akakataa kuwaacha masista na watu. Alitoa chakula na dawa zote nyumba ilizokuwa nazo. Wala tusidhani kwamba nguvu hiyo ilitoka katika moyo uliojaa faraja. Zaidi ya miaka 40 aliteswa ndani na giza na mashaka juu ya imani, hata asiweze kufikiri juu ya mafumbo ya Mungu bila maumivu. Vincent de Paul, aliyemsikiliza, alishuhudia kwamba uso wake haukuonyesha kitu, na kazi zake hazikupungua.

Mwaka wa 1641, mwenye miaka 69, alishika njia ya Ufaransa mara ya mwisho. Malkia Anne wa Austria alimpokea Saint-Germain. Alionana tena na Vincent de Paul. Katika kurudi, alipofika Moulins, homa ya mapafu ilimshika. Aliandikisha barua ya kuaga kwa nyumba zote za shirika, zilizokuwa zimepita 80, akawaomba masista wadumu katika umoja. Alikufa tarehe 13, mwezi wa kumi na mbili, akiita jina la Yezu. Mwili wake ulirudishwa Annecy. Kati ya watoto wake sita, alibaki Françoise peke yake kumlilia.

Papa Benedikto XIV alimtangaza Mwenyeheri mwaka wa 1751, na Papa Klementi XIII alimtangaza Mtakatifu mwaka wa 1767. Sikukuu yake imehamishwa zaidi ya mara moja, na tangu mwaka wa 2001 iko tarehe 12, mwezi wa nane. Wenye misale ya zamani wasishangae wakiikuta siku nyingine. Na wale wote wanaokuja kanisani kwetu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yezu, wajue kwamba ibada hiyo ilienea kutoka Paray-le-Monial, katika Bourgogne ile ile, ambako Sista Marguerite-Marie Alacoque alipata maono yake kati ya mwaka 1673 na 1675. Nyumba aliyokaa ilikuwa monasteri ya Maamkio.